Kompyuta Kuu na Jumuiya ya Wanaoziendesha

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma Tarime au Mugumu huenda akadhani kwamba kompyuta kuu, yaani zile mashine zinazojaza ukumbi mzima na kufanya hesabu kwa kasi isiyo kifani, ni mambo ya nchi za mbali yasiyomhusu. Dhana hiyo si sahihi. Wanyama wanaopita katika mbuga za mkoa wake wamekwisha kuhesabiwa na mashine za namna hiyo. Nchi yake nayo imekwisha kupokea sehemu ya kompyuta ambayo zamani ilikuwa miongoni mwa zenye kasi kuliko zote duniani.

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi kompyuta kuu ni nini na hufanyaje kazi. Lakini tutakawia zaidi juu ya jambo ambalo vitabu vya shule hulitaja mara chache, nalo ni watu wanaoziendesha mashine hizo na sababu inayowafanya waunde jumuiya ya kusaidiana. Mashine inaweza kununuliwa, au hata kutolewa bure. Ujuzi wa kuiendesha haununuliki kwa siku moja, na pasipo ujuzi huo mashine ni mzigo wa chuma tu.

Picha milioni 3.2

Mnamo 1966 mwanasayansi George Schaller alianza uchunguzi wa simba katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Uchunguzi huo uliendelezwa baadaye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, nao mnamo 2010 walianza kufunga kamera za kujiendesha zenyewe katikati ya hifadhi. Kamera zilikuwa 225, na kila moja iliwakilisha eneo la kilomita 5 za mraba, hivyo eneo zima lilikuwa kilomita 1,125 za mraba. Mnyama apitapo mbele ya kamera, joto na mwendo wake huigutusha kamera ikapiga picha, iwe usiku au mchana. Mradi huo uliitwa Snapshot Serengeti.

Katika miaka michache zilipatikana picha milioni 3.2. Nyingi kati ya hizo hazikuwa na mnyama yeyote, kwa sababu hata majani yanayotikiswa na upepo katika jua kali yanaweza kuigutusha kamera. Sasa na tufanye hesabu nyepesi. Ikiwa mtu mmoja atatumia sekunde 20 kuitazama picha moja na kuandika alichokiona, picha zote zitamchukua sekunde milioni 64, yaani saa 17,778 hivi. Akifanya kazi saa 40 kwa juma bila ya likizo, atamaliza baada ya miaka minane na nusu.

Watafiti waliomba msaada wa watu wa kujitolea duniani kote, na zaidi ya watu 28,000 walijiandikisha. Picha moja ilitazamwa na watu wengi, kisha jibu la walio wengi likachukuliwa. Wataalamu walipozipima baadhi ya picha hizo, waliona kwamba jibu la wengi lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Mnamo 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wyoming lilitangaza kwamba limeifundisha kompyuta kuzitambua picha hizo. Kompyuta ilitambua aina 48 za wanyama. Iliporuhusiwa kujibu pale tu ilipokuwa na uhakika, ilizimaliza asilimia 99.3 za picha kwa usahihi uleule wa binadamu, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi.

Nyumbu wa Serengeti, basi, alipigwa picha hapa nchini, lakini alihesabiwa ng'ambo. Jambo hili halina ubaya wenyewe, kwa maana sayansi ni kazi ya ushirikiano. Hata hivyo mwanafunzi mwerevu hana budi kuuliza: hesabu hizo zingeweza kufanywa hapa? Na ingehitajika nini?

Kompyuta kuu ni nini?

Tuchukue mfano wa mbinu inayohitaji hesabu bilioni 10 ili kuitambua picha moja. Picha milioni 3.2 zitahitaji hesabu zipatazo 32,000,000,000,000,000, yaani 3.2 × 10¹⁶. Kompyuta ndogo inayoweza kufanya hesabu bilioni 10 kwa sekunde itamaliza baada ya siku 37. Hapo bado hatujataja kazi ya kuifundisha, ambapo picha hupitishwa tena na tena na mashine husahihishwa kila inapokosea.

Njia ya kupunguza muda huo ni ileile inayotumiwa na wanakijiji wakati wa palizi. Majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao, kila mtu akashika mstari wake, na shamba lililokuwa la juma zima likaisha kwa asubuhi moja. Kompyuta kuu ya kisasa ni kikundi cha kazi cha namna hiyo. Ni mamia au maelfu ya kompyuta za kawaida, kila moja ikiitwa nodi, zilizounganishwa kwa mtandao wenye kasi kubwa ili zifanye kazi moja kwa pamoja. Mnamo 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo kimoja cha NASA, waliunganisha prosesa 16 za kawaida za kuuzwa madukani na kuonyesha kwamba hata taasisi isiyo na fedha nyingi inaweza kujijengea mtambo wa aina hii. Mtambo wao waliuita Beowulf, na uliendeshwa kwa Linux, programu ya msingi inayotolewa bure. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya dunia ya kompyuta zenye kasi kubwa kabisa zinatumia Linux.

Wingi pekee hautoshi

Mwanafunzi asije akafikiri kwamba ukiongeza nodi maradufu, muda utapungua nusu sikuzote. Turudi shambani. Tuseme kazi nzima ni ya saa 20 kwa mtu mmoja. Katika hizo, saa 1 ni ya mwenye shamba kupima na kugawa mistari, kazi ambayo haigawanyiki. Saa 19 zilizobaki zinaweza kugawanywa. Wakija watu 19, kazi itachukua saa 1 ya kugawa na saa 1 ya kulima, jumla saa 2. Wakija watu 190, itachukua saa 1 na dakika 6. Hata wakija watu wa wilaya nzima, kazi haitaisha chini ya saa 1. Kasi haiwezi kuzidi mara 20.

Kanuni hii ilielezwa na Gene Amdahl mnamo 1967, nayo inatufunza kwamba mpangilio wa kazi una uzito sawa na wingi wa mashine. Anayeujua mpangilio huo si mashine, bali ni binadamu.

Kazi ya mwendeshaji

Mwendeshaji wa kompyuta kuu ana kazi kubwa nne. Ya kwanza ni umeme na joto. Nodi 100, kila moja ikitumia wati 400, huhitaji kilowati 40, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Ni kama pasi 40 za wati 1,000 zilizowashwa chumbani usiku na mchana. Mashine ya kupoza hewa ikisimama, joto hupanda upesi, na nodi hazina budi kuzimwa kabla hazijaharibika.

Kazi ya pili ni foleni. Watumiaji ni wengi, na kila mmoja huiona kazi yake kuwa ya haraka. Mwendeshaji huweka programu inayopanga nani atangulie, kwa nodi ngapi na kwa muda gani. Kazi ya tatu ni kuzijenga programu za watafiti, kwani programu ya mwanabiolojia na ile ya mtaalamu wa hali ya hewa huenda zikahitaji matoleo mawili tofauti ya maktaba ileile ya hesabu, na yote mawili yakae katika mtambo mmoja bila kugombana.

Kazi ya nne ni hitilafu. Tuseme nodi moja huharibika mara moja katika miaka mitano, yaani siku 1,825. Mwenye nodi moja hatasumbuka sana. Mwenye nodi 100 atapata hitilafu kila baada ya siku 18. Mwenye nodi 3,936 atapata hitilafu zaidi ya mbili kila siku. Kwa kompyuta kuu, basi, kuharibika kwa kitu ni jambo la kila siku, na ustadi wa mwendeshaji hupimwa kwa namna anavyoliongoza jambo hilo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ng'ambo, usiku mmoja programu yangu yenye kosa iliandika majibu yasiyo na mwisho hata ikajaza diski iliyokuwa ikitumiwa na watu wote. Asubuhi kazi za wenzangu wengi zilikuwa zimesimama. Mwendeshaji, mzee mmoja mpole, hakunigombeza. Alinionyesha kosa, kisha akaniagiza niliandike katika daftari la hitilafu pamoja na dawa yake, ili mwingine asilirudie. Miaka kadhaa baadaye, niliporejea nyumbani, nilitembelea taasisi moja nikaona mtambo mzuri umefunikwa kwa kitambaa. Fundi pekee aliyeujua alikuwa amehamia kazi nyingine, na hakukuwa na daftari. Hakuna kilichovunjika katika mtambo ule. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa.

Jumuiya ilivyoanza

Tatizo hilo si geni wala si la Afrika peke yake. Mnamo 1955 makampuni ya eneo la Los Angeles yaliyotumia kompyuta ya IBM 704, mengi yakiwa ya kutengeneza ndege, yaligundua kwamba kila moja lilikuwa likiandika upya programu zilezile. Ingawa makampuni hayo yalishindana katika biashara, watumiaji wake waliunda chama walichokiita SHARE, jina lenye maana ya kushirikiana, wakaanza kupeana programu na maarifa. Ndicho chama cha kwanza cha watumiaji wa kompyuta, na vingine vingi vikafuata nyayo zake.

Hapa kwetu historia ilichukua njia nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mnamo 1965. Mitambo ya miaka ile ilikuwa ghali, wataalamu wengi walikuwa wageni, na wananchi wenye ujuzi walikuwa wachache mno. Mnamo 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, lakini funzo lake lingali hai: mtambo unaotangulia watu wake huleta hasara.

Ranger yaja Afrika

Mnamo Februari 2008 Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilianza kutumia kompyuta kuu iitwayo Ranger. Ilikuwa na nodi 3,936, kila nodi ikiwa na prosesa 4, na kila prosesa ikiwa na viini 4 vya hesabu. Mwanafunzi azidishe mwenyewe: 3,936 × 4 × 4 = 62,976. Uwezo wake wa juu kabisa ulikuwa hesabu trilioni 579 kwa sekunde. Katika nadharia, ule mfano wetu wa picha uliohitaji siku 37 ungeisha kwa sekunde 55 hivi.

Baada ya miaka mitano, mnamo Februari 2013, Ranger ilizimwa ili kuipisha mashine mpya. Nodi zake hazikutupwa. Sehemu yake ilisafirishwa hadi Afrika na kugawiwa taasisi za elimu na utafiti za Afrika Kusini, Botswana na Tanzania, chini ya uratibu wa kituo cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town, kinachojulikana kwa kifupi kama CHPC.

Hapa ndipo palipo kiini cha makala haya. Mashine iliyotumika miaka mitano haina tena dhamana ya kiwanda. Vipuri vyake ni adimu, na mtu akipatwa na tatizo hana wakala wa kumpigia simu. Kwa mwendeshaji aliye peke yake, zawadi ya namna hiyo ingeweza kugeuka mzigo. Lakini vipande hivi vyote vilitoka katika mtambo mmoja. Nodi iliyopelekwa Tanzania ilikuwa pacha wa nodi iliyopelekwa Botswana na ya Afrika Kusini. Kwa sababu hiyo hitilafu zake zilifanana, na dawa iliyogunduliwa katika nchi moja ilifaa katika nchi nyingine bila kubadilishwa. Kipuri cha nodi iliyokufa kiliweza kuiponya iliyo hai.

Waratibu wa Cape Town waliutambua ukweli huo, hivyo pamoja na mitambo wakaweka mafunzo. Mwendeshaji mpya hufundishwa kwanza kujenga kikundi kidogo cha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja ya kawaida. Huko anaweza kukosea na kurudia bila kuharibu kitu. Hutumia programu za wazi zinazotolewa bure, ili mwenzake aliye nchi nyingine awe na mpangilio uleule na aweze kumwelekeza. Kidole kimoja, waliosema wahenga, hakivunji chawa.

Na isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya wazee wenye shahada nyingi tu. Kila mwaka hufanyika Ujerumani mashindano ya kimataifa ya wanafunzi wa vyuo wasio na shahada bado. Kila timu ya vijana hujenga kompyuta kuu ndogo yake yenyewe na kuiendesha kwa umeme usiozidi kikomo kilichowekwa. Mnamo 2013 timu ya Afrika Kusini, iliyoandaliwa na kituo hicho cha Cape Town, ilishiriki na kushinda. Ilishinda tena mnamo 2014, 2016 na 2019.

Yanayohusu Tarime na Serengeti

Kazi za kuzipa mashine hizi katika wilaya hizi mbili hazikosekani. Picha za wanyama tumekwisha kuzitaja. Kazi nyingine ni Mto Mara, unaozaliwa katika nyanda za Mau nchini Kenya, ukapita katika mbuga, ukazitenga Tarime na Serengeti, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mvua kubwa inyeshapo Mau, maji huchukua muda kabla ya kufika kwetu. Kompyuta inaweza kukadiria muda huo na kimo cha maji, mradi ipewe vipimo sahihi vya mvua na vya mto.

Utabiri wa hali ya hewa nao ni kazi ya namna hiyo. Anga hugawanywa katika masanduku ya kubuni, na hesabu hufanywa kwa kila sanduku. Dhoruba za Ziwa Viktoria na mvua za milima ya Tarime ni vitu vidogo vinavyopotea ndani ya sanduku pana. Ukipunguza upana wa sanduku kwa nusu, masanduku ya ardhini huwa mara nne, na hatua za muda hazina budi kuwa mara mbili. Hivyo kazi huongezeka mara nane. Mkulima wa mahindi wa Tarime anayetaka kujua siku ya kupanda anaihitaji kompyuta kuu, ijapokuwa hatawahi kuiona.

Shule inaweza kuanza leo. Kompyuta mbili kuukuu zikiunganishwa kwa waya na kuwekewa Linux zinatosha kumfunza mwanafunzi namna kazi inavyogawanywa. La muhimu zaidi ni daftari. Kila hitilafu iandikwe: tarehe, dalili, chanzo na dawa. Shule ya Tarime ibadilishane daftari lake na shule ya Mugumu, na kila upande utashangaa kuona kwamba nusu ya matatizo yake yamekwisha kutatuliwa ng'ambo ya mto.

Hitimisho

Tumeona kwamba kompyuta kuu ni kikundi cha mashine nyingi zinazofanya kazi moja, na kwamba kikundi hicho husimama au huanguka kwa ujuzi wa wanaokiendesha. Tumeona pia kwamba ujuzi huo hukaa salama pale tu unapogawanywa, kwa kuwa fundi akihama au akistaafu, kinachobaki ni kile alichowaachia wenzake. Siku itakapofika ambapo nyumbu aliyepigwa picha Seronera atahesabiwa hapa nchini, sifa haitakuwa ya mashine. Itakuwa ya vijana waliojifunza kuiendesha na kufundishana.

Maswali kwa wanafunzi

1. Programu fulani huchukua saa 30 katika nodi moja. Saa 2 kati ya hizo hazigawanyiki. Itachukua muda gani katika nodi 14? Katika nodi 28? Kasi yake haiwezi kuzidi mara ngapi?

2. Kikundi kina nodi 60, na kila nodi huharibika kwa wastani mara moja katika miaka minne. Mwendeshaji atarajie hitilafu kila baada ya siku ngapi?

3. Taja kazi moja ya shuleni au nyumbani inayogawanyika kwa urahisi, na nyingine isiyogawanyika kabisa. Eleza sababu.

4. Jadilini darasani: kwa nini makampuni yaliyokuwa yakishindana mnamo 1955 yaliona faida ya kupeana programu?